Mary Shelley na Fuvu la Kalenga

Utangulizi

Katika kikao kimoja cha chama chetu cha Kiswahili hapa Iringa nilisimama nikasema nataka kuandika juu ya Mary Shelley, mwanamke aliyeandika riwaya ya Frankenstein. Mwenzangu mmoja, mshairi mzuri tu ambaye kazi zake naziheshimu, akadakia: "Sasa dada, hayo mazimwi ya Wazungu yanatuhusu nini sisi? Riwaya ya kisayansi hatuna, na wala hatujailalamikia." Watu wakacheka. Nikakaa chini, maana siku ile jibu sikuwa nalo. Makala haya ndiyo jibu langu, na naomba radhi kwamba limechelewa.

Hoja yangu yenyewe ni hii. Riwaya ambayo wahakiki wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya kisayansi ilianza kuandikwa na msichana wa miaka 18, na swali inalouliza halihusu mashine wala safari za mwezini. Inauliza hivi: mtu akishatumia elimu yake juu ya mwili wa binadamu mwenziwe, nani atawajibika? Kwa wasomaji wa London mwaka 1818 swali hilo lilikuwa la kubuni. Kwa mtu wa Iringa si la kubuni hata kidogo. Limekaa ndani ya sanduku la kioo pale Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, na yeyote mwenye nauli ya daladala anaweza kwenda kulitazama.

Nitaeleza kwanza maisha ya mwandishi, kisha kitabu chenyewe, halafu nitakwenda Kalenga. Baada ya hapo nitataja kasoro za riwaya hii, kwani sikusudii kumsifia mtu tu, na mwisho nitauliza urithi wake umefika wapi katika Afrika Mashariki.

Maisha ya mwandishi

Mary Wollstonecraft Godwin alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alikuwa amechapisha mwaka 1792 A Vindication of the Rights of Woman, kitabu kinachodai kwamba mwanamke akionekana mjinga ni kwa sababu amenyimwa elimu, si kwa sababu hana akili. Baba yake, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa aliyezishambulia dhuluma za serikali. Mama alifariki siku 11 baada ya kujifungua, kwa homa ya uzazi. Husimuliwa kwamba mtoto alijifunza herufi kwa kufuatisha kwa kidole jina lililochongwa kwenye kaburi la mama yake, jina ambalo lilikuwa lake pia.

Kwetu Rungwe mtoto wa namna hiyo angechukuliwa na bibi. Yeye alilelewa na maktaba ya baba yake, na kuanzia mwaka 1801 na mama wa kambo ambaye hawakupatana. Shule rasmi karibu hakuiona. Lakini nyumba ile ilitembelewa na washairi, wanasiasa na watu wa sayansi, naye alikuwa akiwasikiliza. Wale mnaoamini kwamba elimu ni cheti, hapo pana la kufikiri.

Julai 1814, akiwa na miaka 16, alitoroka na mshairi Percy Bysshe Shelley, mwanamume aliyekuwa na mke. Tusimpambe: lilikuwa kosa lililomuumiza mwanamke mwingine, na baba yake, aliyekuwa ameandika mengi kuhusu uhuru wa mapenzi, aliwafungia mlango. Februari 1815 Mary alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia, akafa kabla ya wiki mbili. Mwezi wa Machi aliandika katika shajara yake kwamba ameota yule mtoto alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua karibu na moto, akawa hai. Akaamka, mtoto hayupo. Katika watoto wake wanne waliozaliwa na kupewa nafasi ya kuishi, ni mmoja tu, Percy Florence, aliyefika utu uzima.

Wahakiki wa kiume kwa muda mrefu walitafuta chimbuko la Frankenstein kwenye mazungumzo ya wanaume waliomzunguka. Mimi naona ndoto ile ya Machi 1815 inatosha. Mwanamke aliyezika mtoto hahitaji kufundishwa na mshairi yeyote nini maana ya kutamani mwili uliopoa upate uhai tena.

Mlima na kitabu

Sasa tuje kwenye mwaka 1816, na hapa watu wa Mbeya mtege masikio. Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa huko Indonesia, ulilipuka na kutupa angani majivu na gesi kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka uliofuata jua lilififia katika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia. Ulaya na Marekani mazao yaliharibika kwa baridi na mvua, watu wakafa njaa, na mwaka huo ukaja kuitwa mwaka usio na kiangazi. Wakati huo waliopatwa hawakujua sababu. Waliona mvua tu isiyokatika.

Mary, Percy na dada wa kambo, Claire Clairmont, walikuwa kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, jirani na mshairi Lord Byron na daktari wake John Polidori. Mvua ikawafungia ndani. Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Katika shindano hilo la watu waliochoshwa na mvua vilitoka vitu viwili vilivyodumu: The Vampyre cha Polidori, kilichochapishwa mwaka 1819, na Frankenstein.

Mimi nimekulia chini ya Mlima Rungwe, karibu na ziwa Ngozi lililojaa kwenye kreta ya volkano. Chai, ndizi na viazi vyetu vinaota juu ya majivu ya zamani. Niliposoma kwamba riwaya ya kwanza ya kisayansi ilisukumwa na majivu ya mlima wa Asia, nilicheka peke yangu maktabani. Kumbe hii hadithi "ya Kizungu" haikuanzia Uzunguni. Tena hata sayansi iliyokuwa mezani mwao ilikuwa ikizungumzia mambo ya mwili: Luigi Galvani wa Italia alikuwa ameonyesha kwamba mguu wa chura aliyekufa hurushwa na umeme, na mwaka 1803 mpwa wake, Giovanni Aldini, alipitisha umeme kwenye maiti ya mtu aliyenyongwa London, taya likatikisika na jicho likafunguka mbele ya watazamaji. Mtu yule alikuwa mfungwa maskini. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Riwaya yenyewe inahusu Victor Frankenstein, kijana wa Geneva anayekwenda kusoma Ingolstadt, Ujerumani. Anaokota viungo kwenye vyumba vya mifupa na vyumba vya kupasulia maiti, anaviunga, na usiku mmoja wa Novemba anavipa uhai. Kiumbe anafungua jicho. Na Victor anafanya nini? Anakimbia! Anakwenda kujitupa kitandani kwake, akimwacha aliyemwumba bila nguo, bila lugha, bila jina. Hadi ukurasa wa mwisho Kiumbe hapewi jina, ndiyo maana watu wanampachika jina la Victor, na kosa hilo lina ukweli wake: mtoto asiye na jina huitwa kwa jina la baba.

Kiumbe anajificha kando ya nyumba ya familia maskini, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta. Anaposikia kitabu cha historia kikisomwa na kufika mahali pa kuangamizwa kwa wenyeji wa Marekani, analia. Ndugu msomaji, rudia hapo. Katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1818, anayewalilia waliotawaliwa ni yule ambaye watu wanamwita zimwi. Mwenye elimu ya chuo kikuu hawalilii. Baadaye, kwa kukataliwa na kila anayemwona, Kiumbe anaua. Anamuua mdogo wake Victor, na mtumishi wa kike, Justine, ananyongwa kwa kosa hilo. Victor anaujua ukweli. Ananyamaza.

Wapo wanaosema riwaya hii inapinga sayansi. Nimekuta msimamo huo hata kwenye mijadala ya darasani: eti mwandishi anatuonya tusiguse kazi ya Mungu. Sikubaliani nao. Victor angebaki chumbani usiku ule, akamfunika Kiumbe blanketi na kumpa jina, riwaya isingekuwepo. Kosa lake ni kukimbia, na baada ya kukimbia ni kunyamaza. Dhamira kuu ya kitabu, kwa mtazamo wangu, ni uwajibikaji, na hasa uwajibikaji wa msomi.

Kitabu kisicho na jina

Riwaya ilitoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, juzuu tatu, bila jina la mwandishi. Dibaji iliandikwa na Percy. Basi watu wakadhani kitabu chote ni chake. Hata Walter Scott, mwandishi mkubwa wa zama zile, alipokihakiki alikisifu akiamini kimeandikwa na Percy. Jina la Mary lilitokea katika toleo la pili, mwaka 1823. Toleo la 1831 ndilo aliloandikia utangulizi mrefu akieleza jinsi hadithi ilivyomjia, kana kwamba bado anatakiwa kuonyesha risiti.

Niruhusiwe kidogo kusema la kwangu. Niliwahi kusoma mbele ya wenzangu hadithi fupi niliyoitunga, ya daktari anayepandikiza kumbukumbu za mzee aliyekufa kwenye kichwa cha mjukuu wake. Nilipomaliza, swali la kwanza halikuwa juu ya fani wala maudhui. Liliulizwa kwa upole kabisa: "Hayo mambo ya ubongo, nani amekusaidia?" Nikajibu: "Nimesoma." Yule kijana hakuwa na nia mbaya, na leo ni rafiki yangu. Lakini ni miaka mia mbili na kitu tangu 1818, na risiti bado inadaiwa.

Percy alizama baharini huko Italia tarehe 8 Julai 1822. Mary alibaki mjane wa miaka 24, na mtoto mmoja. Baba mkwe alimpa posho kwa sharti kwamba asichapishe maisha ya Percy. Aliishi kwa kalamu. Mwaka 1826 alitoa The Last Man, riwaya inayotupeleka mwishoni mwa karne ya 21, tauni inapofagia wanadamu wote hadi akabaki mtu mmoja. Wahakiki wa wakati wake waliidharau. Sisi tuliopitia Uviko-19 kuanzia mwaka 2020 hatuna haki ya kuicheka. Alifariki London tarehe 1 Februari 1851, akiwa na miaka 53.

Kalenga

Nilikwenda Kalenga na wenzangu wawili siku ya Jumamosi. Nakala ya Frankenstein ilikuwa kwenye mkoba, ile ya kudurufu, kwa kuwa chuoni tulikuwa tukiipokezana kitabu kimoja. Makumbusho ni nyumba ndogo. Ukiingia unakutana na silaha, picha, na halafu unakutana nalo.

Historia yake wengi tunaijua, lakini tuikumbushe kwa tarehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mtwa Mkwawa liliteketeza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi, wakaibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga mwezi wa Oktoba 1894. Mkwawa akapigana msituni karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa pale Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, uliweka katika kifungu cha 246 kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen. Alikuta mafuvu kama 2,000, na 84 yaliandikwa kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sasa lipi ni la Mtwa? Walichagua kwa vipimo: waliyalinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha wakachukua lile lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Hata leo wapo wanaouliza kama ndilo.

Nilisimama mbele ya kioo kile muda mrefu mpaka mwenzangu akanivuta mkono. Nilichokuwa nafikiri ni vile vyumba vya mifupa vya Victor. Mwandishi alibuni msomi anayekusanya vipande vya watu bila kuuliza majina yao. Miaka 80 baada ya kitabu kuchapishwa, wasomi wa kweli walikuwa wakifanya hivyo kwa barua rasmi na kwa meli. Vichwa vya Waafrika vilipelekwa Ulaya vipimwe urefu na upana, ili kuthibitisha kwa namba jambo ambalo wapimaji walikwisha kuliamini kabla ya kupima: kwamba watu wengine ni duni. Kila fuvu lilipewa namba. Namba si jina.

Tofauti ni moja, nayo inauma. Victor alichukua viungo vya watu wengi akaunda mmoja. Wakoloni walimchukua mtu mmoja wakamgawa vipande viwili: kichwa Bremen, kiwiliwili Mlambalasi. Na baada ya kupima, wakafanya kama Victor alivyofanya. Waliondoka chumbani, wakafunga kabati.

Lakini hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu historia yenyewe haikuishia kwenye lawama. Sayansi ileile ya kupima vichwa ndiyo iliyotumika kulitafuta fuvu la Mtwa lirudi nyumbani. Na mwaka 2023 watafiti wa Berlin walikamilisha uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na mengine ya Tanzania na Kenya. Kwa kipimo cha vinasaba, machache yakakutwa na ndugu zao walio hai hapahapa Tanzania. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mahali ambapo mashujaa wa Majimaji walinyongwa mwaka 1906, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake.

Fikirieni: tone la mate la mjukuu linaita babu kutoka kwenye kabati la nchi ya mbali. Ningeiandika hadithi hiyo miaka kumi iliyopita mngesema nimezidisha chumvi. Ndiyo maana nasema riwaya ya kisayansi ni yetu. Sisi ni watu ambao sayansi ilishawahi kutuandika, bila kutuuliza, kwenye daftari zake. Sasa ni zamu yetu kuiandika yenyewe.

Kasoro za kazi yake

Mhakiki asiyeona kasoro ni mpambe. Naona mbili kubwa.

Kwanza, binti wa Mary Wollstonecraft ameandika riwaya ambayo wanawake hawana sauti. Elizabeth anasubiri harusi na kuuawa usiku wa harusi. Justine anakiri kosa asilolifanya na kunyongwa. Kiumbe wa kike anaraurarua Victor kabla hajakamilika, kwa hofu kwamba atazaa. Mwalimu mmoja alinieleza kwamba huo ni ukosoaji wa makusudi: dunia ya wanaume wanaotaka kuumba bila mwanamke huishia kuua wanawake wote. Nakubali nusu. Lakini ningependa hata mmoja wao apige kelele.

Pili, kuna Safie, binti wa mfanyabiashara wa Kituruki. Kupitia kwake Uislamu unachorwa kama kifungo cha wanawake, na Ulaya kama uhuru, wakati sheria za Uingereza za siku zile zilimnyima mwanamke aliyeolewa mali yake mwenyewe. Yule aliyemfanya Kiumbe awalilie wenyeji wa Marekani hakuweza kuuvuka ukuta huo mwingine. Tukimsoma hapa, ambapo Mwislamu na Mkristo wanakaa benchi moja, hatuwezi kupita kimya.

Urithi wake

Kabla ya kudai urithi tuseme haki: wapo wanaompa utangulizi Margaret Cavendish, Mwingereza aliyechapisha The Blazing World mwaka 1666. Naye ni mwanamke. Ni Brian Aldiss, mwandishi wa fani hii, aliyetetea kwa nguvu mwaka 1973 kwamba chimbuko lake ni Frankenstein. Vyovyote utakavyohesabu, mama wa fani hii ni mama kweli.

Kwa Kiswahili, mbegu ilipandwa zaidi na wanaume. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995, ambamo aliyehukumiwa kifo anatumwa angani kwa chombo na kufika kwenye dunia ya haki; ukilikata jina la dunia hiyo unapata "wale ni sisi". Kyallo Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002. Wanawake wetu walikuwa wapi? Walikuwa wakiandika, ila kazi yao tunaiweka kwenye rafu nyingine. Martha Mvungi alitoa mwaka 1975 Three Solid Stones, hadithi zilizotokana na masimulizi ya Wahehe na Wabena wa nyanda hizi hizi. Tukisoma za namna hiyo tunaziita ngano na kuzipeleka darasa la fasihi simulizi. Mzungu akiunga maiti ikatembea, tunaita sayansi. Bibi akisimulia mtu anayegeuka, tunaita ushirikina wa zamani. Nadhani mpaka huo tumeurithi bila kuukagua.

Aliyeuvuka mpaka kwa ujasiri zaidi katika ukanda wetu ni Wanuri Kahiu wa Nairobi, na hakutumia kitabu bali filamu. Pumzi ilitoka mwaka 2009, nayo ina dakika kama 21 tu. Tuko Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya maji. Nje hakuna mti. Watu wanaishi ndani ya jengo, wanakunywa maji yaliyosafishwa kutoka jasho na mkojo wao, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapelekewa udongo usiojulikana ulikotoka. Anapanda humo mbegu iitwayo Maitu, neno la Kigikuyu lenye maana ya mama. Mbegu inaota. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje. Anatoroka jangwani, anauchimbia mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anaulalia aukinge na jua.

Mtazameni Asha karibu na Victor. Wote wawili wametoa uhai mahali pasipotarajiwa. Victor alikimbia kilichokuwa hai. Asha alikifunika kwa mwili wake. Sijui kama Kahiu alikuwa na Mary Shelley akilini, wala si hoja yangu. Ninachosema ni kwamba swali lililoulizwa kando ya Ziwa Geneva mwaka 1816 limejibiwa na mwanamke wa Nairobi, na jibu lake ni bora kuliko la Victor. Nalo linaanzia makumbusho, mahali panapotunzwa vitu vilivyokufa.

Hitimisho

Narudi kwa mshairi wetu. Ndugu yangu, uliuliza mazimwi ya Wazungu yanatuhusu nini. Nakujibu hivi: zimwi katika kitabu kile ni msomi aliyekimbia. Na sisi sote hapa, wanafunzi na walimu, tunasomea usomi. Kesho mmoja wetu atapima damu za watu kijijini, mwingine atarekodi hadithi za bibi kizee na kuondoka na kanda, mwingine ataandika tasnifu juu ya watu ambao hatawarudishia hata nakala. Victor hayuko mbali namna hiyo.

Na kuhusu malighafi, nyanda hizi hazina upungufu. Mbozi kuna kimondo cha chuma cha tani kama 16 kilichoanguka kutoka angani. Rungwe kuna mlima uliolala tu. Kalenga kuna fuvu lililosafiri miaka 56. Hadithi yangu ya kumbukumbu za babu nimeiandika upya, safari hii mjukuu anatoka Mlambalasi. Nimeiweka jina langu lote matatu ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kabla ya kichwa cha habari. Nitaisoma kikao kijacho. Anayetaka kuuliza nani amenisaidia aje mapema, viti vya mbele huwa vinajaa.